Honi ya Kupewa

Shemeji yangu hufuta mikono kwenye suruali kabla ya kugusa kompyuta, utadhani mabasi anayoyaunda humo yana grisi. Ni mabasi ya kwenye gemu: huyachora, huyapaka rangi, kisha huyaweka mtandaoni watu wayapakue bure na kuyaendesha. Akisifiwa hucheka puani na kusema, "Aa, kawaida tu." Juzi dada alimwambia, "Baba watoto, sifa hazijazi sufuria," basi hili jipya akaliwekea bei. Tangu hapo hatulii, na mimi ninayelala sebuleni kwao naona yote: hung'ata kucha, hufungua ukurasa, huufunga, huinuka kunywa maji asiyoyamaliza.

Leo ujumbe umeingia, akausoma kwa sauti iliyozidi kufifia: "Kaka, honi ya basi hilo niliirekodi mimi nikakupa bure, ukasema ni ya wote. Sasa hata mimi nilipe ndipo niisikie?" Dada akauliza kutoka jikoni, "Mteja huyo?" Shemeji alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena, akazidi kuifuta, wala kompyuta hakuigusa.