Mafua Niliyoyapeleka Msituni

Kiangazi kile nilikuwa nikitoka zamu nakaa kitandani na viatu, nisijue nivivue au nitoke tena. Mimi ni nesi wa wagonjwa mahututi, na chumba chetu cha Abu Hamour, jijini Doha, kilikuwa kimeanza kunibana. Nje nako joto lilikupokea mlangoni kama mvuke wa sufuria.

Niliyeishi naye, dada Mganda anayefanya kazi hotelini, alichoka kuniona nikizunguka. Ijumaa moja, tukitoka kanisani Mesaimeer, aliniambia kaka yake ni mlinzi wa msitu huko kwao, magharibi mwa Uganda, na kwamba hupokea watu wa kujitolea kutegua mitego ya wawindaji. Likizo zetu ziliangukia pamoja. Mama yangu, nilipompigia simu Kenya, alinuna: binti atoke Uarabuni, badala ya kuja nyumbani akimbilie nyani? Nilimwahidi kupitia kwake wakati wa kurudi.

Mafua yalinianza ndani ya ndege. Niliyapuuza, maana hamu yangu yote ilikuwa kuwaona sokwe. Asubuhi ya kwanza msituni, kabla hatujaondoka kambini, nilipiga chafya. Kaka yule, mtu mfupi asiyesema sana, akanitazama.

"Sista, wewe hutawafuata sokwe," akasema. "Mafua yako yanaweza kuwaua."

Alieleza kwamba ugonjwa unaotutoa sisi kamasi tu unaweza kufyeka kundi zima la wale. Niliudhika, lakini ningebisha nini? Mimi mwenyewe nimewarudisha ndugu za wagonjwa mlangoni kwa kikohozi kidogo tu.

Basi mwenzangu akafuatana na wengine, mimi nikabaki na kaka yake upande wa mtoni, ambako sokwe hawakuonekana siku zile. Tuliinama vichakani tukitafuta matanzi ya waya yaliyofungwa kwenye miti michanga. Majani yalituchuruzikia maji shingoni hata mvua ilipokwisha kukatika. Siafu waliniingia ndani ya suruali. Juu, mbega walirukaruka bila kujali tupo. Kila jioni mwenzangu alirudi na hadithi za sokwe, nami nilimsikiliza nusu, miguu ikinicheza chini ya meza.

Siku moja nilikuwa nimepiga magoti nikikata waya, matawi yakatikisika. Sokwe jike alishuka na mtoto mgongoni, akaketi njiani, karibu kiasi cha kumsikia akipumua. Mkono wake mmoja ulikuwa umenyauka, bila vidole. Macho yangu yaliganda pale kwenye kovu. Mikono yangu ikataka kuushika mkono ule.

"Rudi nyuma," kaka yule akanong'ona. "Polepole."

Chafya ilikuwa ikinipanda. Nilijiziba kwa kitambaa cha kichwa juu ya barakoa niliyopewa kambini, nikarudi kinyumenyume kupitia miiba, kisha nikajitupa kifudifudi nyuma ya gogo na kuipigia humo matopeni. Nilipoinuka, alikuwa akiokota kuyu kwa mkono mzima na kumpa mtoto. Baadaye kidogo wakaondoka.

Kaka yule alisema waya wa mkono ule walimtoa wao walinzi, lakini wakati huo vidole vilikuwa vimeshakufa. Kisha akaniambia nimefanya vizuri kuondoka. Kazi yangu yote ni kusogea karibu na anayeumia.

Nilikaa kwa mama siku chache, nikarudi Doha. Huko ndiko hofu iliponishika: je, nilikuwa nimerudi nyuma kwa wakati? Nilimsumbua mwenzangu ampigie kaka yake. Akapiga, tukaambiwa dume mmoja mzee wa kundi la yule jike anakohoa. Kuanzia hapo nilifanya kazi kama mwenye mwiba mguuni. Mwenzangu akinipeleka Al Wakrah tupunge upepo, nilitembea ufukweni upesi hadi akashindwa kunifuata.

Mwishowe kaka yule alinitumia sauti kwenye simu. Dume amepona, na hakuna mwingine aliyeugua. Jike na mtoto wake wameonekana wakila. Kikohozi kile, alisema, kilianza kabla sijafika, hakikutoka kwangu.

"Sasa sista, utulie," alimalizia.

Nilisikiliza ujumbe ule mara kadhaa, nikiwa nimeegemea ukuta wa korido ya wodi. Nilifurahi, kweli. Wiki iliyofuata nikampigia mimi mwenyewe, nikamuuliza tena kama kweli kikohozi kile hakikutoka kwangu.