Vidole vya Wazee wa Gitting

Kwa nini nilinyamaza kikaoni siku ile, hali jibu lililokuwa likitafutwa nilikuwa nalo mimi? Hadi leo sijui.

Nilikuwa afisa wa TEHAMA wa wilaya. Kampuni ya simu ilipoleta mashine za kusajili laini kwa alama za vidole, halmashauri ilinituma nifuatane na wakala wao, mama mmoja wa Katesh. Serikali ingethibitisha watu, kampuni ingefungua laini, na matapeli wangekosa pa kujificha. Mpango huo niliuamini kwa dhati.

Kijijini Gitting tulikwama kwa bibi mmoja. Miaka ya kuchimba viazi ilikuwa imevisaga vidole vyake, na mashine ikavikataa vyote.

"Bibi, tujaribu tena hiki."

"Nimekiweka mara nne, mjukuu wangu. Labda mashine yako inataka vidole vya watu wa ofisini."

Foleni nzima ilicheka. Utaratibu ulitaka aende kwanza ofisi ya vitambulisho, mbali na kwao. Lakini alikuwa amesimama kwenye baridi tangu alfajiri, na mimi nimelelewa kuona aibu kumrudisha mzee mikono mitupu.

"Sajili kwa kitambulisho chako," nilimwambia wakala. "Weka kidole chako."

"Afisa, hiyo si sawa."

"Nimesema mimi."

Akaweka. Bibi akatubariki. Kufikia jioni tulikuwa tumewafanyia hivyo wazee kadhaa, nami nikarudi nyumbani nikijiona mtu mwema.

Miezi ikapita. Laini ya mmoja wa wazee wale ikapotea kwenye soko la mnada, ikaangukia mikononi mwa tapeli, na watu wa Mogitu wakaanza kupokea ujumbe wa ulaghai. Kampuni ilipochunguza ilikuta jina la wakala. Kikaitishwa kikao cha polisi, kampuni na halmashauri. Mwakilishi wa kampuni akaniuliza kama ofisi yetu ilijua lolote. Nikazungumza kwa ufasaha juu ya kuimarisha ushirikiano wa serikali na sekta binafsi. Walinipigia makofi.

Wakala alikuwa nje, kwenye benchi.

"Umewaambia?"

"Bado."

"Bado mpaka lini, Afisa? Kesho wananifungulia kesi. Nikikutaja mimi watasema ninajitetea. Wewe ndiye watakayekuamini."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikiwa njiani kwenda nyumbani nilielewa kwamba kimya changu hakikumhatarisha yeye peke yake: laini nyingine za siku ile zilikuwa bado wazi, na waliopaswa kuzifunga hawakujua ziko mikononi mwa nani. Niliamua kusema.

Asubuhi, kabla ofisi hazijafunguliwa, nilikuwa kituo cha polisi nikiwa na orodha ya wazee wote niliowakumbuka. Nilimwomba mpelelezi amwite mwakilishi wa kampuni, naye akaja. Niliwasomea jina moja baada ya jingine.

"Na nani alitoa amri?" mpelelezi akauliza.

"Mimi."

Akavuta karatasi nyingine, akaniambia nianze upya, polepole, kwa kuwa sasa anaandika.