Kondoo Niliyemfukuza Kando ya Bwawa

Ukitaka kucheka, cheka tu. Kinoti, mwenzangu kazini, alianza kucheka kabla yako na mpaka leo hajamaliza. Lakini mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, na sikuwa nimekunywa kitu isipokuwa chai.

Nafanya kazi katika shamba la maua huku Timau, chini ya mlima. Mimi na Kinoti ndio watu wa bwawa. Mvua ikinyesha, maji ya mapaa ya nyumba za maua na ya mteremko wote wa juu hukimbilia mfereji mmoja na kuingia bwawani. Yanatulia, yanaacha matope, halafu yanatoka polepole kwa bomba kwenda mtoni. Kazi yetu ni kufyeka nyasi, kuchota matope na kuzibua bomba. Tusipofanya hivyo, barabara ya chini inageuka mto.

Alasiri hiyo bwawa lilikuwa tupu na bomba limezibwa na plastiki na mizizi. Kinoti alikuwa ameenda kuleta wilbaro ya kubebea matope. Mimi niko chini kabisa, matope magotini, mkono nimeuingiza bombani mpaka begani. Kwetu jua linawaka. Mlimani wingu lilikuwa limeshuka jeusi, lakini nani alikuwa na habari na mlima?

Nikasikia mtu ananiita kutoka ukingoni.

"Wewe kijana! Si utoke unishikie hii kondoo!"

Shosho mmoja, bibi kizee, kitambaa kichwani, sweta ya kijani, kiondo mgongoni. Kando yake kondoo mweupe, mnene, anatafuna nyasi zetu bila wasiwasi.

"Shosho, niko na kazi," nikamjibu. "Na mifugo hairuhusiwi huku."

"Kwani nimekuitia ng'ombe? Ni kondoo moja tu! Ama imekushinda?"

Sasa, wewe ungefanyaje? Nishindwe na kondoo? Nikapanda ukingoni. Nikamrukia, nikamkosa. Nikamfukuza kuzunguka bwawa, gambuti miguuni zimejaa matope, naanguka, nainuka. Shosho anapiga makofi, anacheka kama mtu anayepiga chafya. "Ameenda huko! Huko! Ati mwanaume!" Niamini, nami nilicheka. Sikuwa nimekimbia hivyo tangu utotoni. Mwishowe nikamkumbatia yule kondoo shingoni. Manyoya yake yalikuwa baridi kama maji ya mlima.

Hapo mfereji ukanguruma. Maji mekundu yakaingia bwawani kwa kishindo, yamebeba mawe na gogo zima, na lile gogo likagonga pale pale kwenye bomba nilipokuwa nimeinama. Jembe langu sijaliona tena. Kama ningekuwa bado mle ndani, leo ungesimuliwa kisa hiki na Kinoti.

Nikageuka nimwambie shosho. Hayupo. Na mikono yangu ilikuwa imekumbatia hewa.

Kinoti alikuwa amesimama na wilbaro, anapangusa machozi ya kicheko. "Unafukuza nini wewe? Nimekuona ukizunguka peke yako!"

Nikamwonyesha ukingo. Kwenye matope kulikuwa na nyayo za gambuti zangu tu, zimezunguka na kuzunguka. Kinoti akatazama zile nyayo, akatazama maji, akaivuta wilbaro mbali na ukingo.

Kesho yake nilienda kwenye nyumba zilizo nje ya ua wa shamba, nimtafute shosho nimshukuru. Kila mtu aliniambia huko hakuna anayefuga kondoo. Mlango wa mwisho alifungua mama mzee. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Alicheka aje?"

Nikaiga kile kicheko.

Akashika mlango. "Huyo ni dadangu. Tulimzika kabla hilo shamba lenu halijaanza." Akanitazama, akatabasamu. "Hata akiwa hai alikuwa anasumbua watu hivyo hivyo. Ingia, unywe chai."

Nikaingia. Ningekataaje?

Tangu siku hiyo kondoo wananifuata. Si mzaha! Nikipita karibu na soko wanamwacha mwenyewe na kuandamana nami, na mke wangu hakubali tena kutembea na mimi siku ya soko. Kazini naitwa Mchungaji, na wageni hudhani nina kanisa.

Basi nakuonya, wewe unayefanya kazi kwenye mifereji na mabwawa: tazama mlima kabla hujaingia. Na mtu akikuita kutoka ukingoni, hata kwa jambo la kipuuzi namna gani, usibishane naye ukiwa chini. Toka kwanza. Maswali utauliza ukiwa juu.