Jembe Halichagui Uzi

Kuna siku moja ya ujana wangu naikumbuka kwa aibu, mwanangu, na aibu hiyo ndiyo iliyonifunza kazi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa fundi katika kituo kimoja cha hali ya hewa nje ya Malindi, mwanamke peke yangu miongoni mwa mafundi, na maringo nilikuwa nayo, usinione hivi. Kituo kilikuwa na nyumba mbili. Chini ya ardhi, kati ya nyumba hizo, ulipita waya wenye nyuzi mbili za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopitisha habari kwa mwanga: uzi mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi. Kila upande palikuwa na modemu, kijisanduku cha kugeuza habari kuwa mwanga na mwanga kuwa habari.

Asubuhi hiyo niliipangusa vumbi modemu yangu, nikachomoa nyuzi na kuzichomeka tena. Punde wenzetu wa nyumba ya pili wakapiga simu. Mimi habari zao nazipata sawasawa, wao zangu hawazipati. Sikufikiri hata dakika. Jana yake Kazungu, kibarua wetu wa Kigiriama, alichimba mtaro wa maji karibu na pale unapopita waya. Nikamwambia meneja wa kituo, "Kazungu ameukata waya kwa jembe." Ulimi hauna mfupa. Kazungu aliapa mbele yangu kwamba hajaugusa, lakini fundi ni mimi, nani atamsikiliza yeye? Akafukuzwa papo hapo, na mkewe amejifungua wiki ile.

Adhuhuri akaja mkuu wetu wa mafundi, Mzee Athman. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza, nikaomba vibarua wa kuufukua waya wote.

"Nyuzi mbili zimelala ndani ya gamba moja," akasema. "Mmoja unapitisha, mmoja kimya. Jembe gani hilo, binti, linalochagua uzi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Akaniambia nianze pale nilipokaa. Nikachukua kipande kifupi cha uzi, nikaunganisha tundu la kutolea na tundu la kupokelea la modemu yangu, ikajipokea yenyewe bila tabu. Modemu nzima, basi. Kwa kioo cha kukuzia nikaitazama ncha ya uzi wa kwenda, na pale pana alama ya kidole, mafuta matupu. Mafuta ya nazi, mwanangu, niliyojipaka nywele asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, mtaa wa Barani. Nyani haoni kundule, na nyani siku hiyo nilikuwa mimi. Nikaisafisha kwa spiriti na kitambaa safi, nikachomeka, na wenzetu wakapiga simu kwamba wanapata.

Nilikwenda kwa meneja nikakiri, akakubali Kazungu arudi. Nikataka atumwe mtu kumwita. Mzee Athman akakataa.

"Neno limetoka kinywani mwako," akasema. "Likarudishwe na kinywa hicho hicho."

Nikaenda kwa miguu mpaka Kisumu Ndogo, mtaa aliokaa Kazungu, jua likichoma, nikijiambia sirudi bila yeye. Nilimkuta akifunga virago, wanarudi kwao Ganze na kile kichanga. Nikasema yote mbele ya mkewe, sikupunguza neno. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kazini nitarudi, dada," akasema. "Lakini nilikuapia, nawe hukunitazama hata usoni."

Nikamtazama usoni, mara ya kwanza siku hiyo.

Basi shika haya, mwanangu. Kitu kikiharibika, anza kukagua mkono wako mwenyewe, kisha fuata njia hatua kwa hatua, usiruke. Aliye chini yako akiapa, mtazame usoni na umsikilize kabla hujamtaja. Ukikuta umemsingizia, usitume mtu. Nenda mwenyewe, siku hiyo hiyo, hata miguu ikatae. Mola akujaalie ulione kosa lako lingali dogo, na akupe ujasiri wa kulisema mbele ya yule uliyemkosea.