Droo za Vifungo

Msimamizi wa mradi wa kompyuta ana vidole vya mtu anayepapasa usingizini. Wiki ya tatu sasa anaingiza bidhaa za duka la vifungo kwenye mfumo mpya, droo baada ya droo, na kila kifungo hukigusisha shavuni kabla ya kukiandika. Chai yake hupoa, naye huinywa hivyo hivyo. Ofisini kwake wamemkalia kooni: orodha iishe kesho. Leo, kwenye droo ya mwisho, mfumo ukamtaka ataje rangi ya kifungo kimoja.

“Bibi, hiki nikiite kijivu?”

Mwenye duka akacheka. “Kijivu gani, mwanangu? Hicho ni cha koti la harusi la marehemu mzee wangu.”

Mvua ilinong'ona juu ya bati. Msimamizi akafuta kijivu, akaandika alivyoambiwa. Kisha akaifungua upya droo ya kwanza.

“Na hivi, bibi, ni vya nani?”