Mshiriki wa Tisa

Chumba chetu cha hosteli Mabibo kilikuwa na pazia la kijani. Alasiri jua likilipiga, kila kitu kiligeuka kijani: kitanda, ndoo, hata mikono yangu. Humo ndani, nikiwa na spika za masikioni, nilisikiliza sauti za akina mama wa Boko, mtaani kwetu.

Utafiti wangu wa shahada ulihusu wanawake walioacha shule. Nilitengeneza dodoso la mtandaoni, maswali ishirini, nikalitupia kwenye grupu la simu la kikundi cha ushonaji cha mama yangu. Wiki nzima hakuna aliyejaza! Nilikasirika, nikawaandikia: "Nitumieni basi sauti, inboksi. Msitaje jina. Hakuna atakayejua ni nani."

Hapo sauti zikamiminika. Nyuma ya majibu zilisikika cherehani, kuku, maji yakijaa kwenye ndoo. Nilikuwa nasinzia nikizisikiliza, naamka sijui nani kasema nini, naanza upya.

Sauti ya tisa ilitoka kwenye namba niliyoihifadhi kama Mama.

"Habari yako, mtafiti. Jina sitaji, si umekataza? Mie niliishia kidato cha tatu. Nilipata mimba, nikafukuzwa. Nyumbani nimewaambiaga nilichoka shule tu, maana mtoto angejibebesha lawama. Hana kosa. Naomba uandike hivyo, hana kosa."

Mtoto huyo ni mimi. Miaka yote nilimtania kwamba alikuwa mvivu wa kusoma, naye alikuwa akicheka na mimi. Nililia kwa aibu mpaka pazia likaingiwa na giza.

Kisha nikajaza jedwali. Mshiriki wa tisa, sababu: mimba. Maelezo mengine: mtoto hana kosa. Msimamizi wangu wa utafiti alikata maneno hayo kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni kuwa hayahusiani na swali. Nikayarudisha.

Jumamosi nilikwenda nyumbani Boko. Nilimwamkia mama, akaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani yake.

"Wale wamama walikusaidia?"

"Sana, mama. Hasa yule wa tisa. Mtoto wake anamuomba radhi kwa utani wake."

Mguu wake ukasimama kwenye pedali. Kitambaa kilikuwa cheupe, na mwanga wake ulimpanda usoni.

"Mtoto hana kosa," akasema, akaendelea kushona.