Siku Waliyomleta Mjomba

Ninyi vijana mtakaosoma haya, maneno matamu sina. Niliishia darasa la pili, mengine nimefundishwa na jembe na sufuria. Someni hivyo hivyo.

Kwetu Chanzuru ukoo unahesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye watoto. Akikohoa mjomba, baba ananyamaza. Kwa hiyo mpunga ulipoanza kuiva, mama alinipeleka kwa kaka yake nikawinge ndege, nikae huko mpaka mavuno. Aliyonifanyia mjomba kwenye kibanda cha shambani siyaandiki. Mkubwa ameshaelewa. Niliporudi nilimwambia mama. Alikuwa anachambua mboga, hata uso hakuinua. Akasema, "Mjomba hasemwi." Msimu uliofuata akanifungia tena nguo zangu kwenye kanga.

Nikakua, nikaolewa Mikumi, nikawa napikia madereva wa malori pale barabarani. Mume wangu amekufa bila kujua. Unakula na watu, unacheka nao, wanakuita mama, na bado uko peke yako.

Juzi juzi mdogo wangu akanipigia simu kutoka Kilosa. "Dada, mjomba amebaki mwenyewe, mkewe amekufa. Ukoo umekaa. Aje kwako, vyumba vipo, na hospitali iko karibu."

Ninaishi na binti yangu na wanawe wawili, wasichana. Nikamwambia nitafikiri. Nikawaza usiku na mchana, na sikuwa na wa kumwuliza.

Wiki ile ile wakaja vijana wa maigizo. Walipiga ngoma kwenye uwanja ulio karibu na maegesho ya malori, watu wakajaa. Mimi nilikwenda na ndoo yangu ya maandazi, nia yangu kuuza. Kumbe walikuwa wanaigiza mwanamke mtu mzima, ana wajukuu, anatembelewa na mzee aliyemharibu utotoni. Mzee akaingia na fimbo yake. Yule mwanamke akapiga magoti, "Shikamoo," akamnawisha mikono. Watu wakapiga makofi! Mama mmoja jirani yangu akasema, "Huyo ndiye kalelewa."

Kijana mmoja akasimamisha mchezo. "Jamani, mnampigia makofi ya nini? Tumewaonyesha alivyoumizwa. Sasa mtuambie, afanyeje?"

Utingo mmoja wa lori akapaza sauti, "Ampikie tu! Mzee mwenyewe meno hana, anamwogopea nini?"

Watu wakaangua kicheko. Nikajikuta nimesimama.

"Asimpikie," nikasema.

"Kwa nini, bibi?" yule kijana akauliza, kwa adabu.

"Kwa sababu hakuna aliyemwuliza yeye. Wanauliza mzee atalala wapi, atakula nini. Yeye alipokuwa mtoto nani aliuliza analala wapi?"

"Bibi leo kawa mwigizaji!" utingo akadakia, lakini safari hii hakucheka mtu. Watu wa Mikumi si wajinga, walielewa. Yule jirani yangu akavuta kigoda chake kando kidogo, kama nina upele. Nikabeba ndoo yangu, maandazi yamejaa vile vile.

Nyumbani binti yangu alikuwa ameshasikia, maneno yanatembea haraka kuliko mimi. Akaniuliza, "Mama, ni mjomba wako?"

"Ni yeye."

Akakaa chini, akanishika mguu, akalia. Mimi sikulia. Nilitamani angekuwepo siku ile ya mboga, lakini alikuwa hajazaliwa.

Nikampigia mdogo wangu nikamwambia hapana, na kwa nini. Akasema, "Dada, umetuaibisha. Mambo ya zamani unayaanika barabarani? Mjomba ni mzazi." Akakata simu. Tangu siku hiyo simu yangu hailii. Wanawake tuliokuwa tunakwenda wote kanisani sasa wananisalimia wakiwa wanatembea.

Wakamleta hivyo hivyo. Walidhani nikimwona mlangoni nitashindwa. Bajaji ilisimama asubuhi, mdogo wangu akamshusha, amekonda, macho yana ukungu, begi lake moja. Wajukuu zangu walikuwa wanafagia uwanja. Mdogo wangu akawaita, "Ninyi, hamna adabu? Njooni mpige magoti, mumwamkie babu."

Yule mjukuu mdogo alishaanza kukunja magoti. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Mjomba akanyoosha mkono kuelekea sauti ya hatua zangu, anangoja shikamoo yake. Sikumpa. Nikawaambia watu wa nyumba yangu, kila mtu asikie:

"Watoto, simameni, ingieni ndani. Mama yenu amletee mzee maji anywe kwenye bajaji, halafu arudishwe alikotoka. Na katika nyumba hii mtoto asilazimishwe tena kumwamkia mtu yeyote."